Usiache mbachao? Piga hesabu kabla hujamuuza staa wako wa fantasi

SEPTEMBA 22, 2024, Erling Haaland alitupia bao moja kwenye sare ya 2-2 kati ya Manchester City na Arsenal. Lilikuwa bao lake la 10 katika mechi tano za kwanza za Ligi Kuu England, zikiwamo hat-trick mbili mfululizo dhidi ya Ipswich Town na West Ham.

Wiki ile, mtu ambaye angesema kijiweni kwamba anamuuza Haaland kwenye timu yake ya fantasi angechekwa mpaka aombe poo. Mohamed Salah wa Liverpool wakati huo alikuwa na mabao matatu tu.

Msimu ulipokwisha Mei 2025, Salah alikuwa na mabao 29 na asisti 18. Haaland alikuwa na mabao 22. Kwenye mchezo wa Fantasy Premier League, ambao vijiweni unaitwa fantasi tu, Salah alivuna pointi 344, rekodi ya mchezo huo. Haaland alipata 181. Tofauti ni pointi 163.

Ukitoa yaliyofungwa mpaka siku ile ya Septemba, Haaland aliongeza mabao 12 na Salah akaongeza 26. Yale mabao 10 yaliyokuwa yakimfanya Haaland aonekane haguswi yalikuwa yameshalipwa. Hakuna mtu duniani anayeweza kununua pointi za wiki iliyopita.

Hilo ndilo jambo ambalo wengi wanalisahau kila Ijumaa jioni wakiwa na simu mkononi. Wanapobadilisha mchezaji, wanalinganisha alichofanya huyu na alichofanya yule, wakati kinachouzwa na kununuliwa ni kile ambacho bado hakijachezwa.

Mchezo wa bure wenye presha ya kweli

Kujiunga na fantasi ni bure, na msimu wa 2024/25 zaidi ya watu milioni 11 duniani walisajili timu. Lakini bure hiyo ni ya mlangoni tu.

Ofisini, vyuoni na mitaani kuna makundi ya WhatsApp yanayochangishana mwanzo wa msimu, na anayeongoza mwisho wa mbio anaondoka na kibunda. Hata pale ambapo hakuna hela, kuna heshima. Anayeshika mkia anajua Jumatatu asubuhi haitakuwa nyepesi.

Kanuni zenyewe si ngumu. Kila mtu anapewa pauni milioni 100 asajili wachezaji 15: makipa wawili, mabeki watano, viungo watano na washambuliaji watatu. Klabu moja haitoi zaidi ya wachezaji watatu.

Kila raundi unapata uhamisho mmoja wa bure. Usipoutumia unawekewa akiba, na akiba hiyo inaweza kufika mitano. Ukizidisha, kila uhamisho wa ziada unakukata pointi nne.

Ndani ya kanuni hizo chache ndimo watu wanamoumia. Kuingiza na kutoa mchezaji ni sekunde kumi kwenye simu, ila majuto yake yanaweza kukaa mpaka Mei.

Huuzi mmoja, unauza wawili

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba biashara ni ya mtu kwa mtu. Suala la Haaland na Salah linaonyesha vizuri kwamba sivyo.

Haaland kwenye fantasi ni mshambuliaji. Salah amesajiliwa kama kiungo. Huwezi kumtoa mmoja ukamuingiza mwingine moja kwa moja, kwa sababu nafasi zao ni tofauti. Lazima utoe wawili, uingize wawili.

Chukua bei za mwanzo wa msimu ule wa 2024/25. Haaland aliuzwa pauni milioni 15. Weka pembeni yake kiungo wa bei ya chini wa pauni milioni 4.5, yule ambaye kazi yake ni kukaa benchi tu. Jumla ni milioni 19.5.

Upande wa pili, Salah alikuwa milioni 12.5 na straika wa Nottingham Forest, Chris Wood, milioni 6. Jumla ni milioni 18.5. Unawapata wote wawili na milioni moja inabaki mfukoni.

Sasa uliza swali upya. Haaland na kiungo wa benchi, au Salah na Wood? Hesabu ya mwisho wa msimu ilikuwa hivi: Haaland pointi 181, Salah 344 na Wood, aliyefunga mabao 20, pointi 200.

Hata kama usingemjua Wood wakati ule, namna ya kuuliza swali ndiyo inayobadilisha jibu. Kijiweni mjadala ulikuwa nani mkali kati ya Haaland na Salah. Mjadala wa maana ulikuwa zile pauni milioni 15 zinaweza kukaa kwa nani na nani zikazaa zaidi.

Bao halina thamani moja

Waswahili wanasema usiache mbachao kwa msala upitao. Ni methali nzuri na imeokoa timu nyingi, maana wapo wanaomtimua staa kwa sababu ya mechi mbili mbaya kisha wanamrudisha wakiwa wamechelewa. Lakini kabla ya kuung'ang'ania mbachao, ni vyema kujua unatoa nini.

Kwenye fantasi, bao la mshambuliaji ni pointi nne. Bao la kiungo ni tano. La beki ni sita. Asisti ni tatu kwa kila mtu. Beki na kipa wakimaliza mechi bila kuruhusu bao wanapata nne, kiungo anapata moja, mshambuliaji hapati kitu.

Tazama hesabu hii. Msimu wa 2022/23 Haaland aliweka rekodi ya Ligi Kuu England kwa kufunga mabao 36. Kwa pointi nne kila bao, ni pointi 144. Mabao 29 ya Salah msimu wa 2024/25, kwa pointi tano kila moja, ni pointi 145.

Yaani mabao 29 ya kiungo yamelipa zaidi ya mabao 36 ya straika. Hapo bado hujagusa asisti 18, ambazo ni pointi 54 nyingine.

Kwa hiyo unapowaweka wachezaji wawili mezani, usihesabu mabao peke yake. Angalia mchezo umemsajili kwenye nafasi gani. Winga aliyeandikwa kiungo na straika aliyeandikwa mshambuliaji wanaweza kufunga sawa, lakini mmoja akakulipa zaidi.

Tangu msimu wa 2025/26 kuna kitu kingine cha kuongeza kwenye mzani. Beki anayefikisha jumla ya vitendo 10 vya kuzuia katika mechi, kama kukaba, kunasa pasi na kuondosha hatari, anapata pointi mbili. Viungo na washambuliaji nao wanazipata wakifikisha 12, na wao kurejesha mpira uliopotea kunahesabiwa pia.

Maana yake, beki wa kati wa timu ndogo inayoshambuliwa dakika 90 si takataka tena. Timu yake inaweza kuruhusu mabao na yeye bado akarudi na kitu.

Dakika ndizo mtaji

Mchezaji anayecheza dakika 60 au zaidi anapata pointi mbili kabla hajagusa wavu. Akiingia akacheza pungufu ya hapo anapata moja. Asipocheza, sifuri. Ndiyo maana swali la kwanza kwa yeyote unayetaka kumsajili si anafunga mangapi, ni anacheza dakika ngapi.

Cole Palmer ni darasa tosha. Akiwa Manchester City alikuwa kijana mwenye kipaji asiye na uhakika wa namba. Septemba 1, 2023 akahamia Chelsea. Kwenye fantasi alikuwa ameanza msimu kwa pauni milioni 5 tu.

Miguu ilikuwa ileile, kilichobadilika ni dakika na majukumu. Chelsea ikampa namba, kisha ikampa mpira wa penalti. Alimaliza msimu wa 2023/24 na mabao 22 ya ligi, tisa kati ya hayo yakiwa ya penalti, na akawa kinara wa pointi kwenye fantasi nzima akiwa na 244. Haaland, aliyeanza kwa milioni 14, alimaliza na 217.

Dalili zilikuwa wazi kwa aliyekuwa anaangalia: anaanza kila mechi, anapiga penalti, bei yake ndogo. Aliyesubiri mpaka jina liwe kubwa alimnunua akiwa ameshapanda bei.

Upande wa pili ni wale ambao dakika zao ziko mashakani na watu wanafumba macho. Januari 2024 Salah alikwenda na Misri kwenye AFCON ya Ivory Coast, ambako Taifa Stars nayo ilikuwapo. Akaumia nyama za paja kwenye mechi ya pili dhidi ya Ghana. Aliyekuwa amemuweka benchi akingoja arudi haraka alikuwa amefungia zaidi ya pauni milioni 12 kabatini.

Makato ya nne, dawa au sumu?

Sasa tuje kwenye kidonda cha wengi, yaani kukatwa pointi nne ili umuingize mtu wiki hiihii.

Chukua mfano wa kawaida. Anayetoka angecheza dakika zote bila kufanya lolote, angepata pointi mbili. Anayeingia ni straika na kweli anafunga bao moja. Nne za bao, mbili za dakika, jumla sita. Faida yako ni nne. Toa makato ya nne, unabaki na sifuri.

Umebashiri kwa usahihi, mchezaji wako ameingia kambani, umeshangilia mpaka majirani wamesikia, na hujapata hata pointi moja. Labda apate na pointi za bonasi ndipo uanze kuona faida.

Kuna jambo jingine ambalo mara nyingi halisemwi. Raundi ijayo ungepata uhamisho mwingine wa bure. Kama huna dharura nyingine, pointi nne unazolipa leo zimenunua wiki moja tu ya kuwahi. Jiulize kama wiki hiyo moja ina thamani hiyo.

Wakati mwingine inayo. Kama anayetoka ameumia au amefungiwa na benchi lako halina wa kuziba pengo, yeye ni sifuri. Anayeingia akicheza tu dakika 60 ana mbili, na akipata asisti moja ana tano. Hapo makato yameshalipwa.

Inayo pia kama anayeingia ndiye atakayevaa kitambaa, kwa sababu pointi za nahodha zinazidishwa mara mbili. Au kama timu yake ina mechi mbili ndani ya raundi moja.

Nje ya hapo, makato mengi yanalipwa kwa hasira. Mtu kaona mchezaji asiyekuwa naye kafunga mawili Jumapili, Jumatatu anamkimbilia. Anayekatwa nne mara kumi kwa msimu ameanza mbio akiwa nyuma pointi 40. Kwenye ligi za marafiki, pointi 40 mara nyingi ndizo zinazomtenga bingwa na wa nne.

Ukimuuza, kumrudisha kuna gharama

Bei za wachezaji zinapanda na kushuka kulingana na watu wanaowanunua na kuwauza. Lakini faida yote haiji kwako.

Ulimnunua mchezaji kwa milioni 7, sasa bei yake ni milioni 7.4. Ukimuuza hupewi 7.4. Mchezo unakupa nusu ya faida, kwa hiyo unapata 7.2. Wiki mbili baadaye ukimtaka tena, utamlipia 7.4 au zaidi. Akishuka bei, hasara yote ni yako.

Ndiyo maana kumpumzisha staa kwa mechi moja ngumu ni biashara mbovu mara nyingi. Unatumia uhamisho mmoja kumtoa, mwingine kumrudisha, na katikati unapoteza chenji. Kama mpango wako ni kumrudisha, afadhali akae benchi.

Kwa hiyo ratiba isiangaliwe kwa mechi moja. Tazama nne mpaka sita zijazo. Mchezaji mwenye mechi moja laini na nne ngumu mbele ni mtego, kwa sababu baada ya wiki moja utakuwa unatafuta wa kumbadilisha tena.

Kama kikosi kizima kimeoza, kuna karata ya Wildcard, inayokuruhusu kufumua timu yote bila kukatwa. Wanaoitumia kwa papara mapema huishia kulipa makato pale inapohitajika kweli.

Moyo nao una bei

Si kila usajili unafanywa kwa hesabu. Januari 2020 Mbwana Samatta alipotua Aston Villa akitokea Genk, Mtanzania aliyemuweka kwenye fantasi yake hakuhitaji kumweleza mtu sababu.

Februari 1, 2020 akafunga bao lake la ligi dhidi ya Bournemouth na nchi ikasimama. Mwezi mmoja baadaye, Machi 1, akafunga Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City.

Lile la Wembley ndilo linalokumbukwa zaidi, na kwenye fantasi lililipa sifuri. Mchezo unahesabu Ligi Kuu peke yake. Samatta alimaliza na bao moja katika mechi 14 za ligi akiwa na Villa.

Hakuna wa kumlaumu aliyemuweka. Lakini anayesajili kwa moyo ajue kwamba anasajili kwa moyo. Shabiki wa Arsenal anayejaza wachezaji watatu wa Arsenal, shabiki wa Manchester United ambaye kamwe hamgusi mchezaji wa Liverpool, wote wanalipia mapenzi yao kwa pointi. Ni haki yao, ila wasiseme wana bahati mbaya.

Saa ya kufunga dirisha

Hesabu zote hizo hazina maana kama dirisha limefungwa. Dirisha linafungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi.

Kwa saa za Afrika Mashariki, mechi ya kwanza ikiwa Jumamosi saa 8:30 mchana, mwisho ni saa 7:00 mchana. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba Waingereza wanarudisha saa nyuma, mechi hiyohiyo inakuwa saa 9:30 alasiri na dirisha linafungwa saa 8:00 mchana. Mwisho wa Machi wanarudi tena kama mwanzo.

Hatari zaidi ni raundi inayoanza Ijumaa. Mechi ya saa 4:00 usiku inafunga dirisha saa 2:30 usiku, wakati wengi wako kwenye foleni au mezani kwa chakula. Kipindi cha baridi kule, inakuwa saa 3:30.

Wanaowahi sana nao wana shida yao. Makocha wengi wanazungumza na waandishi Alhamisi na Ijumaa, na hapo ndipo majeraha yanatajwa. Aliyefanya uhamisho Jumatatu kwa kuogopa bei kupanda kwa pauni laki moja anaweza kukuta Ijumaa mtu wake anatembelea magongo.

Meza iligeuka

Baada ya pointi 344, fantasi ilimpandisha Salah mpaka pauni milioni 14.5 kwa msimu wa 2025/26. Haaland akashushwa mpaka 14. Wengi wakamkimbilia Salah kwa sababu ya namba za msimu uliopita.

Novemba 30, 2025 Liverpool ilicheza na West Ham, Salah akakaa benchi dakika zote. Siku mbili baadaye, Desemba 2, Haaland alifunga dhidi ya Fulham na kufikisha mabao 100 ya Ligi Kuu katika mechi 111, haraka kuliko mchezaji yeyote kabla yake. Desemba 3 Liverpool ilipocheza na Sunderland, Salah alianzia benchi tena.

Hesabu ni zilezile, majibu yamegeuka. Msimu mmoja aliyemng'ang'ania Haaland aliumia, uliofuata aliyemng'ang'ania Salah ndiye aliyeumia. Wote wawili walikuwa wakilipia pointi ambazo zilishatumika.

Kabla ya kubonyeza kitufe, kuna maswali ya kuandika hata nyuma ya bahasha. Anayeingia ana uhakika wa dakika? Anapiga penalti au kona? Mechi zake tano zijazo ni dhidi ya nani? Chenji inayobaki inaboresha nani mwingine? Na kama kuna makato, yatarudi lini?

Kisha andika na sababu yako, kwa mstari mmoja tu. Mchezaji uliyemuuza anaweza kufunga hat-trick kesho yake, na hilo halitafanya hesabu yako kuwa mbovu. Anaweza pia kukosa penalti, na hilo halitaufanya uamuzi wa pupa kuwa wa busara. Raundi 38 ni nyingi, na bahati haikai upande mmoja muda wote huo.

Kama sababu pekee unayoweza kuandika ni kwamba alifunga jana, basi huyo ni msala unaopita. Kaa na mbachao wako, uhamisho uingie akiba, usubiri Ijumaa ijayo.